UZI: Tawa hallae na dinosaria wala nyama wa mwanzo, walioishi chini ya himaya ya jamaa wa mamba

Mpenda_Visukuku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila tukizungumzia dinosaria mla nyama, anayetajwa ni Tyrannosaurus. Huyo ni wa mwishoni kabisa, aliishi takriban miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Dinosaria wala nyama wa kwanza tunaowafahamu vizuri wana miaka milioni 230 na ushee. Ukipiga hesabu utaona T. rex yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyo na hao mababu zake.

Leo nataka tuwaongelee hao wa mwanzo. Nitaanza na mmoja ambaye tangu atangazwe mjadala haujatulia: Tawa hallae.

Alitangazwa Desemba 2009 kwenye jarida la Science na timu ya Sterling Nesbitt na wenzake. Mifupa ilitoka kwenye machimbo ya Hayden, eneo la Ghost Ranch, New Mexico, Marekani. "Tawa" ni jina la mungu jua kwa Wahopi, na "hallae" ni heshima kwa Ruth Hall, mama aliyekusanya visukuku vingi vya eneo lile bila kuwa msomi wa fani hiyo. Umri wake ni takriban miaka milioni 212, kipindi cha Triasiki ya mwisho.

Usitarajie jitu. Alikuwa na urefu wa kama mita 2 kutoka pua hadi ncha ya mkia, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia wenyewe. Mwili wake ulikuwa saizi ya mbwa mkubwa. Alitembea kwa miguu miwili, mifupa myepesi yenye uwazi ndani, mikono yenye kucha za kushikia. Meno yamechongoka, yamepinda kuelekea nyuma, na ukingo wa kila jino una vijino vidogo vidogo kama msumeno. Jino la namna hiyo halitafuni. Linaingia kwenye nyama, mnyama anavuta kichwa nyuma, nyama inachanika.

Kilichowafurahisha wataalamu ni ukamilifu wake. Wanyama wengi wa Triasiki tunawajua kwa kipande cha paja, nusu ya taya, pingili mbili tatu basi. Tawa alipatikana na fuvu, shingo, mikono, nyonga, miguu na mkia, na si mmoja, walikuwa kadhaa pale pale. Kwa hiyo ukitaka kumlinganisha na mwingine, unalinganisha mnyama mzima.

Sasa ugomvi wenyewe. Kulikuwa na mnyama wa Argentina anaitwa Herrerasaurus, wa takriban miaka milioni 231, jina alilopewa mwaka 1963 kwa heshima ya Victorino Herrera, mfugaji wa mbuzi aliyeiona mifupa ile kwenye bonde la Ischigualasto. Mla nyama, miguu miwili, kucha kali. Swali lililogawa watu kwa miongo mingi: je, huyu ni theropodi, yaani wa ukoo ule ule wa T. rex na ndege, au ni tawi la pembeni lililojitokea lenyewe? Nyonga yake ina mambo ya kale mno, na shingo haifanani na ya theropodi wa baadaye.

Tawa akaja akiwa na vyote viwili. Nyonga inafanana na ya Herrerasaurus, lakini fuvu na shingo vinaelekea kwa Coelophysis, ambaye hana ubishi kwamba ni theropodi. Nesbitt na wenzake wakasema: huyu ni daraja, kwa hiyo Herrerasaurus naye aingie kwenye ukoo wa theropodi, ila karibu na shina.

Nitaendelea. Karibuni na maswali.

---

Ngosha77

Mkuu asante kwa uzi. Naomba nianze na la msingi: hiyo milioni 212 wameipataje? Mfupa unaandikwa tarehe?

---

Mpenda_Visukuku

Swali la haki kabisa, mkuu.

Mfupa wenyewe hawaupimi umri. Wanapima mwamba ulioufunika. Volkano ikilipuka inatoa majivu yenye punje ndogo sana za madini ya zirkoni. Zirkoni inapoganda ndani ya tope la moto inakubali atomi za urani lakini inazikataa za risasi, ile metali nzito. Baada ya hapo urani inaanza kuoza kwa kasi isiyobadilika na kugeuka risasi. Kwa hiyo risasi yoyote utakayoikuta ndani ya punje ile imezaliwa humo humo. Unapima uwiano wa viwili hivyo, unapata umri. Pale Hayden walipima zirkoni kutoka kwenye tabaka zile zile zenye mifupa, wakapata karibu milioni 212. Kwa Ischigualasto kuna majivu chini ya tabaka za mifupa na mengine juu yake, kwa hiyo Herrerasaurus amebanwa katikati.

---

Mwl_Baiolojia

Nimefundisha mageuko ya viumbe kidato cha sita miaka mingi na nakubaliana na mengi. Ila nikukumbushe, ndugu yangu, hilo "daraja" halijatulia. Mwaka 2017 Baron, Norman na Barrett waliandika kwenye Nature wakapanga upya ukoo wote wa dinosaria, na Herrerasaurus wakamtoa kwa theropodi wakamweka jirani na ukoo wa wala majani wenye shingo ndefu.

---

Mpenda_Visukuku

Mwalimu, shikamoo, na umenifungulia mlango.

Ni kweli kabisa. Na wengine wakajibu mwaka ule ule kutetea mpangilio wa zamani. Tawa naye hajakaa sehemu moja: kuna kazi ya mwaka 2019 iliyomuunganisha na Chindesaurus, mnyama mwingine wa kusini magharibi mwa Marekani, na wengine wakaja kuwasogeza wote wawili kwa Herrerasaurus.

Maoni yangu, na nayasema bila kumung'unya maneno: mvurugano huu ni habari njema. Hawa wanyama wamechukuliwa karibu na pale matawi yalipoachana. Pale karibu na shina, ndugu bado wanafanana. Mla nyama, mla mchanganyiko na mla majani wote walikuwa vijinyama vya miguu miwili vya mita moja au mbili.

Mfano bora ni Eoraptor, wa Ischigualasto hiyo hiyo. Alitangazwa 1993 kama theropodi wa kale kabisa. Mwaka 2011 Ricardo Martínez na wenzake wakatangaza mnyama mwingine wa bonde lile, Eodromaeus murphi, wa kama mita 1.2 na kilo 5 hivi. Walipowaweka meza moja, Eodromaeus akaonekana ndiye mwenye alama za theropodi, na Eoraptor akahamishiwa upande wa wale ambao wajukuu zao walikuja kuwa majitu ya shingo ndefu. Ukiwatazama kwa mbali ni mapacha. Tofauti iko kwenye mambo madogo: pua ya Eoraptor ni pana zaidi, meno yake ni mchanganyiko wa maumbo.

Halafu Brazil kuna Buriolestes, aliyetangazwa 2016. Ana meno ya mla nyama mtupu, lakini mifupa yake inamweka kwenye ukoo wa shingo ndefu. Maana yake mababu wa majitu yale ya majani nao walianza kwa kula nyama na wadudu.

---

BintiNyasa

Kaka nimesoma yote. Lakini unaposema "wala nyama" nikisoma saizi ya mbwa na kilo 5 naona kama walikuwa wanakula mijusi tu. Nani alikuwa anakula vikubwa?

---

Mpenda_Visukuku

Dada, hapo ndipo penye utamu wa habari yote.

Vikubwa vilikuwa vinaliwa na jamaa wa mamba. Usiwafikirie mamba wa leo wanaolala ufukweni wakisubiri. Hawa walisimama juu ya nchi kavu miguu ikiwa imenyooka chini ya mwili, vichwa virefu vizito, taya za kuvunja. Ischigualasto kulikuwa na Saurosuchus, wa karibu mita 6 au 7. Herrerasaurus mkubwa kabisa anakadiriwa mita 5 au 6, lakini sehemu kubwa ni mkia. Kwa uzito hakuwa na ubavu wa kushindana naye. Na pale pale Hayden alipotoka Tawa kulipatikana Vivaron haydeni, wa ukoo huo wa mamba, urefu unaokadiriwa mita 4 au 5. Kwenye mito walikuwepo wengine wenye midomo mirefu kama mamba wa samaki, ingawa si mamba.

Kwa hiyo dinosaria mla nyama wa Triasiki alikuwa mwindaji wa kati. Anakamata vidogo, anaokota mizoga, anakimbia akiona mkubwa anakuja. Na hali hiyo haikudumu siku mbili, ilidumu karibu miaka milioni 30.

Lakini vifaa alikuwa navyo tayari. Mtazame Herrerasaurus kwa karibu. Katikati ya taya lake la chini kuna kiungo kingine, mbali na kile cha nyuma karibu na sikio. Sehemu ya mbele ya taya ina uwezo wa kuteleza na kupinda kidogo, kwa hiyo akimuuma mnyama anayefurukuta, taya linamkumbatia badala ya kung'oka. Mkononi ana vidole vitano, lakini vitatu vya kwanza ndivyo virefu vyenye kucha zilizopinda, cha nne na cha tano ni vikonyo tu. Theropodi wa baadaye walikuja kubaki na vitatu hivyo hivyo. Fuvu moja lake lina matundu ya kuumwa yaliyovimba ukingoni, kuonesha kwamba kidonda kilipata uvimbe kisha kikaanza kupona, mnyama akaendelea kuishi. Huenda aliumwa na mwenzake.

Na Gnathovorax cabreirai wa Brazil, aliyetangazwa 2019, mwenye miaka milioni 233 na kama mita 3: fuvu lake limehifadhika vizuri kiasi kwamba waliweza kulipiga picha za CT, yaani eksirei zinazoonesha ndani bila kupasua, na kuchora umbo la ubongo. Sehemu ya ubongo inayosaidia kutuliza macho wakati kichwa kinageuka kwa kasi ilikuwa imekua vizuri. Hicho ni kichwa cha mnyama anayefukuza windo huku akilitazama lisimponyoke.

---

Sindano

Nilishasoma kwamba hawa walikuwa na mfumo wa hewa kama ndege. Ni kweli walikuwa nao tangu mwanzo?

---

Mpenda_Visukuku

Jibu limebadilika, mkuu, na ni vizuri umeuliza.

Ndege ana vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu, na vingine vinaingia hadi ndani ya mifupa. Mwaka 2009 Tawa alipotangazwa, pingili zake za shingo zilikuwa na alama za vifuko hivyo. Wengi tukachukulia kwamba basi dinosaria wote wa mwanzo walikuwa navyo. Mwaka 2022 Tito Aureliano na wenzake wakaziweka kwenye CT pingili za Gnathovorax, Buriolestes na Pampadromaeus, wote wa Brazil na wakongwe kuliko Tawa. Hawakukuta alama za vifuko kuingia kwenye mfupa. Kwa hiyo inaelekea mifupa yenye hewa ilijitokeza mara kadhaa, kila ukoo kwa wakati wake.

Kwangu mimi hii inamwongezea Tawa thamani. Anatuonesha mfumo ule ukiwa tayari umeshika kwenye shingo ya mla nyama, mapema kiasi hicho.

Kuna jambo jingine la Hayden nisingependa lipite. Machimbo yale yametoa wala nyama wa aina tatu wa ukoo wa dinosaria: Tawa, Chindesaurus, na mmoja wa kundi la Coelophysis. Kwa hesabu ya Nesbitt na wenzake, kila mmoja alikuwa na ndugu wa karibu zaidi Amerika ya Kusini kuliko hawa watatu walivyo kwa wao kwa wao. Maana yake hawakutokana na mzazi mmoja aliyefika kaskazini akazaana pale. Walifika kwa makundi, kwa nyakati tofauti. Mabara yote yalikuwa yameungana, Pangaea, kwa hiyo njia ilikuwepo.

---

Ngosha77

Kama njia ilikuwepo, mbona hao wa shingo ndefu hawakwenda na wenzao?

---

Mpenda_Visukuku

Hali ya hewa ndiyo maelezo yanayoniridhisha. Wakati ule Ghost Ranch ilikuwa karibu na ikweta. Timu ya Jessica Whiteside ilichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa tabaka zile: makaa ya moto wa porini, mabadiliko ya mimea, kaboni dioksidi mara 4 hadi 6 ya ilivyo leo. Mvua nyingi, kisha ukame, kisha moto, bila utulivu. Mla majani mkubwa anayehitaji chakula kingi kila siku hapo haponi. Mla nyama mdogo anayekula chochote anachokikamata anajikongoja.

Zimbabwe imeongeza ushahidi. Mbiresaurus raathi, aliyetangazwa 2022 na Christopher Griffin na wenzake, alitoka kaskazini mwa nchi hiyo, umri kama milioni 230, mnyama wa mita 2 wa ukoo wa shingo ndefu. Pamoja naye ulipatikana mfupa wa jamaa wa Herrerasaurus. Kundi la wanyama wa pale linafanana na la Brazil, Argentina na India, sehemu ambazo zote zilikuwa kwenye latitudo za kusini zinazokaribiana. Dinosaria wa mwanzo walikaa kwenye ukanda wao wa hali ya hewa, na majangwa yakawazuia kusambaa.

---

BintiNyasa

Na sisi Tanzania? Au ni yale ya Tendaguru tu ambayo Wajerumani walibeba?

---

Mpenda_Visukuku

Tendaguru ni habari nyingine, dada. Ile ya Lindi ni Jurasiki ya mwisho, kama miaka milioni 150. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, na yule jitu wa shingo ndefu yuko Berlin mpaka leo. Tukiongelea asili ya dinosaria, tusogee hadi bonde la Ruhuhu, kule Ruvuma na Njombe, mashariki mwa Ziwa Nyasa. Kwa jina lako nadhani unapajua kuliko mimi.

Miaka ya 1930 Rex Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa mingi kule. Mmoja wa wanyama wale, mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa, mtafiti Alan Charig aliuandika kwenye tasnifu yake ya 1956 lakini hakuukamilisha kwa kuuchapisha. Alifariki 1997. Nesbitt na wenzake ndio walioukamilisha, wakampa jina la Nyasasaurus parringtoni, na jina la Charig likawekwa kati ya waandishi. Umri uliotajwa ni karibu milioni 243. Ama ni dinosaria wa kale kuliko wote, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Mfupa ule wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli kama wa dinosaria, na ukikatwa na kutazamwa kwa darubini unaonesha mnyama aliyekua haraka.

Ruhuhu imetoa pia Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa 2010 na kupewa jina lenye maneno ya Kiswahili, "asili" na "kongwe", na Teleocrater rhadinus wa 2017. Huyu Teleocrater ni wa muhimu sana kwenye mada yetu: mla nyama wa mita 2 au 3, yuko kwenye upande wa ndege na dinosaria, lakini anatembea kwa miguu minne na kifundo cha mguu kama cha mamba. Kabla yake tulidhani mababu wa dinosaria walikuwa wembamba, wakimbiaji wa miguu miwili tangu mwanzo. Mfupa wa Ruhuhu ndio uliotusahihisha.

Inaniuma kwamba mtoto wa shule wa Songea anaweza kumaliza kidato cha nne anamjua T. rex wa Montana bila kusikia hata mmoja wa hawa watatu.

---

Mwl_Baiolojia

Marahaba kwa ile salamu ya mwanzo. La Songea ni kweli, kwenye mtaala hakuna. Nina swali moja tu: hao jamaa wa mamba walikuwa na nguvu kiasi hicho, waliondokaje?

---

Mpenda_Visukuku

Mwalimu, waliondolewa na volkano. Miaka milioni 201 iliyopita Pangaea ilianza kupasuka, na lava ikamwagika kwenye eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Afrika Magharibi, Brazil, mashariki ya Marekani na Ulaya. Gesi zikabadilisha hewa na bahari. Jamaa wakubwa wa mamba wa nchi kavu wakatoweka, likabaki tawi moja dogo ambalo ndilo limetuletea mamba wa Rufiji. Dinosaria wala nyama wakapita. Baadaye, katika Jurasiki ya mwanzo, Arizona kukawa na Dilophosaurus wa mita 6 hivi.

Kwa nini wao wakapita? Kuna kazi ya Paul Olsen na wenzake ya mwaka 2022 iliyosoma tabaka za kaskazini magharibi mwa China. Wanasema milipuko ilileta pia vipindi vya baridi kali, na dinosaria walikuwa wameshazoea baridi ya karibu na ncha ya dunia, huenda kwa sababu ya manyoya ya kuhifadhi joto. Mimi naliona lina nguvu. Linaeleza kwa nini walibaki wao na hawakubaki wale waliokuwa na meno makubwa zaidi.

---

Sindano

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nyasasaurus alikuwa mla nyama?

---

Mpenda_Visukuku

Hakuna fuvu lake lililopatikana, mkuu, wala jino. Mkono na pingili havisemi alikula nini. Teleocrater jirani yake alikuwa mla nyama. Asilisaurus ana meno ya mchanganyiko na ncha ya taya kama mdomo wa ndege, kwa hiyo alielekea kwenye majani. Nyasasaurus anaweza kuwa upande wowote. Kinachotakiwa ni taya, hata nusu, kutoka kwenye mwamba ule ule.

Na kwa wanaoishi Ruhuhu na wanaopita kule: mkiona mfupa uliogeuka jiwe, msiung'oe. Piga picha na kitu cha kupimia pembeni, andika mahali, toa taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri au Idara ya Mambo ya Kale. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mfupa uliotolewa mahali pake bila kumbukumbu ya tabaka hauwezi tena kupewa umri.